Sauti Iliyoikataa Nafasi

Makamu mkuu wa shule ya bweni ya sayansi alipopiga simu, mama alikuwa kwenye dirisha la mapokezi la hospitali, kalamu mkono mmoja, kadi ya mgonjwa mkono wa pili. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na sita. Kila aliyeingia aliandikwa naye, na zamu ilipofika ni yeye aliyeita jina kwenye kipaza sauti, kwa sauti nzito kidogo, tulivu, isiyo na papara. Wauguzi walimbatiza Mama Kipaza na jina likamganda. Walikuwa wakisema mgonjwa akiitwa naye hupata nafuu kabla hajamwona daktari.

"Mama, nilitaka kukushukuru tu," alisema makamu mkuu. "Wazazi wengi hawatuambii mapema. Wewe umetuambia, na ile nafasi ya binti yako tumeshampa mtoto mwingine aliyekuwa anasubiri."

Mama Kipaza aliiweka kadi chini. "Nafasi ipi, mwalimu?"

"Ya kidato cha kwanza. Si ulitutumia ujumbe wa sauti Jumatatu, ukasema binti haji?"

"Mimi?"

"Wewe, mama. Kwa namba hii hii ninayoongea nayo."

Binti yake alikuwa wa kumi na tisa kati ya mamia waliofanya mtihani wa kuingia shule ile. Hospitali nzima ilikuwa na habari, kuanzia daktari mkuu hadi mlinzi wa getini, maana yeye mwenyewe ndiye aliyezitangaza. Koti jeupe la maabara lilikuwa limeshashonwa, linaning'inia nyuma ya mlango wa chumbani. Alimwambia makamu mkuu kwamba kuna makosa, hajatuma ujumbe wowote. Yule mwalimu hakubishana naye. Alisema atamrudishia ujumbe wenyewe ausikilize, kisha wazungumze.

Mama Kipaza alimwomba mwenzake amshikie dirisha, akaingia chumba cha mashuka, akafunga mlango, akaiweka simu sikioni.

"Habari za kazi, mwalimu," ilisema sauti. "Mimi ni mama wa yule binti wa kumi na tisa kwenye orodha yenu. Nimekaa, nimefikiri, nikaona nisikupotezee muda. Nafasi hiyo mpeni mtoto mwingine. Binti yangu anataka kuigiza. Ameniambia mara nyingi, nami nikawa namjibu huku naosha vyombo, bila hata kumgeukia."

Ilikuwa sauti yake. Si ya kufanana na yake. Kile kikohozi kidogo cha kusafisha koo kabla ya neno zito, kile kituo kifupi baada ya "mwalimu", vyote vilikuwemo. Mama Kipaza alikaa juu ya rundo la mashuka. Alianza kuipekua Jumatatu yake saa kwa saa: alikuwa wapi, alikula nini, aliongea na nani. Kwa dakika nzima aliamini kwamba ujumbe ule aliutuma yeye na akili zimeanza kumtoroka.

"Nikwambie ukweli, mwalimu," sauti iliendelea. "Miaka kumi na sita naita majina ya watu. Kuna siku nikirudi nyumbani sitaki kusema na mtu, hata na wanangu. Kazi hii sikuichagua. Alinichagulia baba yangu, nikaitikia. Sitaki na binti yangu achaguliwe. Asante. Siku njema."

Ujumbe uliisha. Mama Kipaza alibaki ameikodolea macho simu kama kitu kilichoanguka kutoka darini. Maneno yale hakuwa amemwambia mtu yeyote, si mumewe, si dada yake, si padri wala shehe. Na kila moja lilikuwa kweli.

Hapo ndipo alipojua ni nani. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyejua kuiga watu kiasi hicho, naye alikuwa akilala chumba cha pili kutoka chake.

Nyumbani binti alikuwa anapiga pasi. Walimwita Chiriku tangu ana miaka miwili, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Sasa alikuwa na miaka kumi na minne. Akimwiga jirani, jirani mwenyewe hucheka. Akimwiga mwalimu wake wa zamani, wadogo zake husimama wima bila kutaka. Mama aliiweka simu juu ya meza ya pasi.

"Nani huyu?"

Chiriku hakujitia hamnazo. Alichomoa pasi ukutani kwanza. "Ni mimi, mama. Nilitumia simu yako ulipokuwa unaoga. Halafu nikaufuta ule ujumbe."

Mama alikuwa amejiandaa kwa uongo, akapewa ukweli, na ukweli ukamwacha mikono mitupu. Alivuta kiti. "Nani alikwambia yale ya babu yako? Nani alikwambia sitaki kusema na mtu?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Yametoka wapi, basi?"

"Nilijaribu kuongea kama wewe," alisema Chiriku. "Nilifanya mazoezi siku nne. Mwanzoni nilitaka kusema ile ya nafasi tu, basi. Lakini nilipoipata sauti vizuri, na namna unavyoshusha mabega, yale mengine yakaja yenyewe. Nilidhani nimeyatunga." Alimtazama mama yake usoni, na rangi yake mwenyewe ikabadilika. "Kumbe ni kweli?"

Mama aliichukua simu yake, akatoka nje.

Baba aliporudi kutoka dukani kwake alikuta nyumba imepoa kama imefiwa. Alikuwa fundi wa miwani, mtu wa kupima mambo taratibu, vidole vyake daima vina vumbi jeupe la vioo. Alielezwa yote. Aliomba kuusikiliza ujumbe, akausikiliza mara tatu, akikunja uso zaidi kila mara.

"Huyu ni wewe," alimwambia mkewe.

"Si mimi, Baba Chiriku. Ndilo ninalokueleza hilo."

"Nimeelewa. Binti amefanya kosa kubwa na atalibeba." Aliirudisha simu mezani polepole. "Mimi nauliza jingine. Hayo aliyoyasema ni ya kweli?"

Mama Kipaza alitegemea mumewe angefoka. Alitegemea mkanda, au angalau hotuba. Swali lile halikuwa kwenye hesabu zake kabisa. Aliinuka akaenda jikoni, akafungua maji, akasimama kuyatazama yakimwagika.

Kesho yake walimpeleka Chiriku shule ya sayansi aombe radhi. Makamu mkuu alikuwa mwanamume mwembamba mwenye tai fupi, na meza yake ilipangwa kwa rula. Alisikiliza kwa adabu, lakini ilionekana wazi hakubali. Alidhani mama amejuta, sasa anamsukumia mtoto.

"Kwa heshima yako, mama," alisema, "mtoto wa miaka kumi na minne hawezi kuongea vile. Mimi nimefundisha watoto miaka ishirini."

"Habari za kazi, mwalimu," alisema Chiriku. "Mimi ni mama wa yule binti wa kumi na tisa."

Kiti cha makamu mkuu kilirudi nyuma hadi kikagonga kabati. Alimtazama mama, ambaye midomo yake ilikuwa imefungwa, akamtazama binti, akarudi kwa mama.

"Nafasi siwezi kuirudisha," alisema hatimaye. "Mtoto wa watu ameshapewa barua. Na nikisema kweli, huyu nikimweka bwenini, siku moja ataitangazia shule nzima likizo kwa sauti ya mkuu wa shule, nasi sote tutaondoka."

Chiriku aliomba radhi kwa sauti ndogo, akainamisha kichwa.

Zilibaki shule mbili. Moja ilikuwa ya kutwa, jirani na nyumbani, nzuri kwa masomo, yenye kikundi cha maigizo ambacho kwa maelezo ya mlinzi wa shule hiyo kilikuwa hakijakutana kwa miaka miwili. Nyingine ilikuwa shule ya sanaa, upande wa pili wa mji, katika jengo lililowahi kuwa kiwanda cha viatu. Hiyo ndiyo Chiriku aliyoitaka. Mama alikuwa ameapa hatakanyaga pale. Alikanyaga, kwa sababu alitaka kuona kwa macho yake ni kitu gani kilichomfanya mwanawe amwibie sauti.

Alichokiona kilimtisha. Katika ukumbi wa mbao, wanafunzi kama ishirini walikuwa wamelala chini wanapumua kwa pamoja. Mmoja alikuwa analia peke yake pembeni, machozi ya kweli, na hakuna aliyemjali. Kisha filimbi ikapulizwa, yule aliyelia akapangusa uso, akanywa maji na kumuuliza mwenzake saa ngapi.

Mpiga filimbi alikuwa mwalimu wa maigizo, mwanamke mnene aliyevaa raba. Mama hakungoja kuulizwa. "Hesabu mnafundisha hapa?"

"Hesabu, sayansi, lugha, yote, asubuhi mpaka saa sita. Mchana ndiyo haya."

"Na akishindwa haya ya mchana?"

"Ana yale ya asubuhi. Wapo waliotoka hapa wakawa wauguzi."

Mama alitafuta kosa jingine asilione. Basi akalitoa lile alilokuja nalo. Alimweleza mwalimu habari ya ujumbe mwanzo hadi mwisho, mbele ya Chiriku, asije akasema baadaye hakuambiwa. Alidhani mwalimu ataduwaa, au atacheka, au atamsifu mtoto. Mwalimu hakufanya hata moja.

"Kuiga sauti ni kazi ndogo," alisema. "Kila mwaka wanakuja watano wanaoiga. Njoo hapa katikati, binti. Kuna jambo ulitaka kumwambia mama yako, ukalipitisha kwa makamu mkuu wa watu. Mwambie sasa. Kwa sauti yako."

Chiriku alisimama katikati ya mbao. Alifungua kinywa.

"Hiyo ni sauti ya mama yako," mwalimu alimkatiza baada ya maneno mawili.

Alijaribu tena.

"Hiyo ya nani?"

"Ya baba."

"Sikumwita baba."

Chiriku alinyamaza. Mama alingoja neno linalofuata, kwa sababu kwa miaka kumi na minne lilikuwa halijawahi kukosekana, lakini halikuja. Mikono ya mtoto ilikuwa inatafuta pa kushika. Kijasho chembamba kilimtoka juu ya mdomo. Wanafunzi wale ishirini waligeuka kutazama. Mama alitaka kuinuka amfuate, na mwalimu akamwashiria kwa kiganja akae. Dakika ilipita, pengine mbili. Kuna kitu kilimkata mama maini alipokuwa anamtazama: hakuijua sauti aliyokuwa anaingoja. Alikuwa anazijua sauti zote za mwanawe isipokuwa ile.

"Mama," alisema Chiriku mwishoni. Ilikuwa sauti nyembamba, yenye mikwaruzo, haikuwa na madoido yoyote. "Niliogopa utasema hapana. Halafu na mimi ningekubali tu, kama ulivyokubali wewe."

Mama Kipaza alishika ukingo wa kiti. Ndani ya wiki moja alikuwa ameshtushwa na simu, na ujumbe, na mumewe, lakini hili lilimpata kifuani. Machozi hayakumtoka. Alibaki tu kinywa wazi, akimtazama mtoto wake kana kwamba wametambulishwa sasa hivi.

Mwalimu aliandika kitu kwenye karatasi. "Ijumaa mtapata majibu," alisema, akapuliza filimbi, na wale ishirini wakarudi kulala chini.

Majibu yalikuja kweli Ijumaa: amekubaliwa, sahihi ya mzazi inahitajika. Fomu ilikaa mezani kuanzia mchana. Saa kumi na moja jioni baba aliivuta karibu, akaisoma kila mstari kwa ile miwani yake ya kazi, halafu akaisukuma kwa mkewe.

"Hili ni lako," alisema. "Kama hutaki, ile ya kutwa ipo. Sitakulaumu."

"Wewe unaonaje?"

"Naona ameniogopesha. Lakini nimefikiri sana juu ya lile nililokuuliza, nawe ukaenda jikoni." Alivua miwani. "Mama Chiriku, kama baba yako asingekuchagulia, ungetaka kusomea nini?"

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni.

"Ramani," alisema Mama Kipaza.

"Ramani?"

"Kuchora ramani. Mito, barabara, milima. Nilikuwa nachora nyuma ya daftari zote."

Fundi miwani alimtazama mkewe muda mrefu. Walikuwa wameoana miaka kumi na saba na kuzaa watoto watatu. "Hujawahi kuniambia."

"Hujawahi kuniuliza."

Baadaye kidogo Mama Kipaza alinyoosha mkono, akaomba kalamu, na binti akaileta. Alitia sahihi sehemu mbili zilizotakiwa. Sahihi ya pili haikufanana na ya kwanza; mkia wake ulipinda kama mto kwenye ramani.