Aliyekumbuka Tisa

Mwaka ule wa themanini na sita hakuna aliyemwona Djaouharia akiketi akamaliza kikombe cha chai. Alikuwa muuguzi katika zahanati moja ya Moroni, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwembamba, mwenye hatua za haraka. Tangu arudi kutoka masomoni Antananarivo alikuwa na kazi ya pili, ambayo zahanati haikuijali: kupima kumbukumbu za watu.

Kazi yenyewe ukiitazama ni ndogo. Anakuja nyumbani kwako, anakaa mkekani, anakusomea polepole maneno kumi ya kawaida: kisima, sindano, mbuzi, karafuu, mlango, mvua, kofia, chumvi, ngazi, sahani. Unamrudishia unayoyakumbuka. Kisha mnazungumza mambo mengine kwa dakika ishirini, habari za arusi na za wagonjwa, halafu anakuuliza: yale maneno yako wapi? Anaandika. Profesa wake wa Antananarivo alitaka kujua watu wa visiwani huanza kusahau katika umri gani, maana vipimo vilivyokuwapo vilitungwa kwa ajili ya Wafaransa. Djaouharia alitunga orodha mbili, moja kwa lugha ya Ngazidja, kisiwa cha Moroni, na moja kwa lugha ya Ndzuani, kisiwa cha Mutsamudu, kwa kuwa neno linaloeleweka Moroni laweza kumfanya bibi wa Mutsamudu akukodolee macho tu.

Wazee hawakumshangaza. Walisahau kama wazee wanavyosahau. Waliomnyima raha ni watu wa makamo, ambao profesa aliwataka wawe wa kulinganisha tu. Kati ya ishirini aliowapima Moroni, watano walisahau kama watu wa miaka themanini. Aliwarudia mara ya pili na ya tatu, na matokeo yakawa yale yale. Wote watano walikuwa wanaume, na wote walikuwa na jambo moja ambalo fomu haikuwa na nafasi yake: walichukuliwa katika kamatakamata ya mwaka uliotangulia. Siku zile bunduki za nchi zilikuwa mikononi mwa mamluki wa Kizungu, wale walioshuka kutoka baharini mwaka wa sabini na nane na hawakuondoka tena. Mtu akichukuliwa, hakuna aliyeuliza amepelekwa wapi.

Mmoja wa wale watano alikuwa Dhoihir, kaka yake wa tumbo moja.

Dhoihir alikuwa mwalimu wa hesabu. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na kabla hawajamchukua alikuwa akikokotoa kichwani hesabu ambazo wenziwe walihitaji ukurasa mzima. Alikaa ndani siku sabini. Alirudi amekonda, akalala wiki nzima, na alipoamka alikuwa mtu wa kuacha birika jikoni likaungua na kuuliza swali lile lile mara tatu kabla ya adhuhuri. Mjini walisema lao. Wengine walisema ni jini. Wengine walisema anajifanya tu, asije akaulizwa aliyoyasema huko ndani.

"Haya, kaka," Djaouharia alimwambia siku aliyompima mara ya tatu. "Yale maneno?"

"Uliniambia maneno?"

"Kumi."

"Lini?"

"Kabla hujanisimulia arusi ya Bahiat."

Dhoihir akatazama mikono yake. "Mlango," akasema. "Mlango tu." Kisha akainua uso. "Djaouharia, kichwa hiki sicho nilichoingia nacho kule. Kitarudi?"

"Sijui," akamjibu, kwa kuwa hakuwahi kumdanganya tangu utotoni.

Siku chache baadaye ikaja barua ya profesa. Djaouharia aliisoma amesimama, akaisoma tena akitembea huku na huku katika chumba cha sindano. Profesa aliandika kwamba kuna watafiti ng'ambo waliowaweka panya katika dhiki kwa muda mrefu, wakawachunguza ubongo. Ndani kabisa ya ubongo, kila upande, mna sehemu ndogo iliyojikunja kama farasi wa baharini. Hapo ndipo mambo mapya yanaposhikwa ili yasipotee. Mwili ukiogopa humwaga dawa yake yenyewe ya kupigana au kukimbia. Ikimwagika mara moja haina neno. Ikimwagika mwezi baada ya mwezi, sehemu ile huanza kunyauka. "Hao ni panya," profesa alimalizia. "Kwa binadamu hatujui. Kuwa mwangalifu."

Lakini uangalifu ulikuwa umekwisha kumtoka. Alitaka wengine. Alisikia kwamba Mutsamudu nako wapo waliochukuliwa wakarudi, akaomba ruhusa ya wiki moja, akapanda meli. Katika daftari lake, pembeni mwa jina la kila aliyewahi kufungwa, alikuwa akitia nukta ndogo ya wino. Haikuwa na maelezo yoyote.

Mutsamudu alifikia kwa Moinaidi, dada wa mama yake, mjane mshona kofia aliyemjua kila mtu katika vichochoro vya mji.

"Kwezi, mama," alimwamkia kama waamkiavyo huko.

"Mbona, mwanangu," Moinaidi akaitikia, maana huko ndivyo salamu hiyo inavyojibiwa. "Mbona umekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia? Kaa."

Hakukaa. Kwa siku sita alipima watu kumi na saba, Moinaidi akimtangulia mlangoni. Sita kati yao walipata nukta. Mwingine, mpakuzi wa bandarini mwenye mabega kama kabati, alilia alipoambiwa arudie maneno, akasema hivi ndivyo walivyokuwa wakimuuliza huko: rudia, rudia tena. Djaouharia alifunga daftari, hakumwandika. Usiku ule na uliofuata, alipojaribu kulala, moyo ulimdunda kana kwamba anapanda mlima.

Siku ya kurudi ndipo walipomshika. Abiria walikuwa wamepanga foleni bandarini, askari wakipekua mizigo, na askari mmoja akalitoa lile daftari kwenye kapu, akalifungua, akaenda nalo ghalani. Baada ya muda mfupi wakamwita.

Ndani kulikuwa na Mzungu wa makamo, mwenye ndevu zilizopunguzwa vizuri, ameketi juu ya kreti. Walimwita komandanti. Nyuma yake walisimama askari watatu wa hapa hapa visiwani. Mmoja alikuwa Sajini Elamine wa Ntsoudjini, ambaye Djaouharia alimuuguza mama yake mwaka mzima. Elamine alitazama ukutani kana kwamba hamjui.

"Majina," komandanti alisema kwa Kifaransa, bila kupaza sauti. "Tarakimu. Nukta. Na maneno. Mvua ni nini, bibi? Risasi?"

"Mvua ni mvua."

"Na mlango? Na ngazi? Nani anapanda ngazi, aingie kwa mlango gani?"

Djaouharia alimweleza yote: zahanati, profesa, wazee. Nukta hakuzieleza. Komandanti alimsikiliza hadi mwisho.

"Umewasomea watu maneno haya mara ngapi?"

"Mara mia mbili. Labda zaidi."

Akalifunga daftari, akaweka mkono juu yake. "Basi nisomee mimi. Yote kumi."

Djaouharia akafungua kinywa. "Kisima," akasema. "Sindano. Mbuzi." Kisha hakukuwa na kitu. Aliyajua maneno yale kama alivyojua majina ya nduguze, na sasa yalikuwa kama watu waliotoka chumbani dakika ile ile alipoingia. Alisikia damu ikipiga masikioni. "Chumvi," akasema. Hakuna zaidi.

"Mara mia mbili," komandanti akasema. Akamtazama Elamine, na Elamine akasogea hatua moja.

Hapo ndipo Djaouharia alipoelewa kilichompata, na kuelewa kwenyewe kukampa pumzi.

"Komandanti, hicho ndicho ninachokipima," akasema. "Ninaogopa, na hofu inafuta. Kama ni uongo, jaribu. Nitataja maneno mengine kumi, ambayo hakuna aliyeyasikia. Waulize askari wako. Jaribu na wewe mwenyewe."

Komandanti akatabasamu. Huenda alikuwa amechoka na joto, huenda alipenda michezo. Akaashiria kwa kidole: endelea.

Djaouharia akataja alivyoviona mle ghalani na visivyokuwamo, kwa Kifaransa na kwa lugha yao, kimoja kimoja: gunia, kamba, taa, samaki, mizani, kitabu, wembe, nazi, dirisha, kengele. Komandanti akawaamuru askari waseme. Walisema wamesimama wima, macho yao hayakuondoka mikononi mwake. Elamine alipata manne. Wa pili matatu. Wa tatu, kijasho kikimtoka, alisema gunia, kamba, kisha akasema bunduki, neno ambalo hakuna aliyelitaja.

Komandanti akakunja vidole akihesabu, akayataja tisa kwa mpangilio. Aliisahau nazi tu. Akacheka kwa furaha ya kweli.

"Unaona? Mwandikie profesa wako. Kichwa cha Mzungu hicho."

"Nitamwandikia, komandanti," Djaouharia akasema, macho chini. Alijua atakachoandika. Humo ghalani walikuwamo watu watano, wanne wakiogopa. Yule aliyekumbuka tisa hakuwa na wa kumwogopa.

Wakamwachia apande meli. Daftari likabaki juu ya kreti.

Njia nzima alijaribu kuyarudisha matokeo kichwani, nani alipata ngapi, akaona yanachanganyika. Alipofika Moroni hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Dhoihir, akamsimulia akizungukazunguka uani, akasema kazi ya miezi kumi imekwenda na maji, na lililo baya zaidi, majina yenye nukta yako mikononi mwao.

"Wanayajua majina hayo," Dhoihir akasema. "Wao ndio waliotuchukua."

Kisha akavuta kiti. Yeye, ambaye asubuhi ile alisahau kama amekula, akaanza kutaja waliokuwa naye chumba kimoja: jina, jina la baba, mji, nani alilala upande gani, nani alikohoa. Kumi na mmoja. Hakusita hata kwa mmoja. Djaouharia alisimama tuli kwa mara ya kwanza siku ile.

"Mbona hayo unayashika?"

"Hayo hayatoki," Dhoihir akasema. "Ningependa yatoke, yaache nafasi."

Juma lililofuata walianza upya pamoja, nyumba kwa nyumba, Moroni kwanza, kisha Mutsamudu. Milango aliyokuwa akifunguliwa muuguzi kwa shaka ilifunguliwa upesi walipomwona mwalimu. Mara hii hawakuandika jina wala nukta. Kila mtu alipewa namba, na orodha ya namba na matokeo ikashonwa na Moinaidi ndani ya pindo la kofia, ikaja Moroni kichwani mwa Dhoihir, mpwa wake. Iliwachukua mwaka na nusu, maana Djaouharia alisubiri miezi sita kabla ya kumpima mtu tena.

Matokeo yalipelekwa Antananarivo na muuguzi mwenzake. Profesa alijibu kama mtu wa sayansi: watu ni wachache, hakuna aliyewapima kabla hawajafungwa, wengine walipigwa kichwani, na njaa nayo ina lake. Haithibitishi. Lakini alipigia mstari jambo moja. Waliorudi kwenye kazi na kwenye usingizi wa kawaida walikuwa wakiongeza neno moja, wengine mawili, kila baada ya miezi sita. Waliokuwa bado wakilazimishwa kuripoti kituoni kwa askari kila wiki hawakuongeza hata moja.

Dhoihir alitoka kwenye neno moja akafika matatu, kisha matano. Shule haikumrudisha. Akafungua darasa la jioni katika banda la jirani, wanafunzi tisa.

Siku ya kwanza Djaouharia alisimama nje ya dirisha, mkoba begani, saa mkononi. Kaka yake aliandika ubaoni hesabu ndefu, akafika katikati, chaki ikasimama. Djaouharia alihesabu sekunde: kumi, ishirini, thelathini. Mguu wake ulikuwa ukigonga ardhi wenyewe.

Dhoihir akageuka. "Nimepotea," akawaambia wanafunzi kwa sauti ya kawaida. "Nani ananionyesha tulipofika?"

Mikono minne ikapanda. Djaouharia hakungoja jibu. Kulikuwa na mzee wa kupimwa kabla ya magharibi, naye alikuwa amekwisha kuchelewa.