Zahanati Yenye Pazia

1.

Pazia.

Khanga, tuseme ukweli. Nyekundu, pindo limechakaa, imetundikwa kwenye dirisha ambalo halina dirisha.

Ishike kichwani hiyo khanga. Twende.

2. TANGAZO

Wananchi wa Isangilo mnakumbushwa: kijiji kikinyanyua boma la zahanati hadi renta, yaani juu ya milango, kwa nguvu zake chenyewe, Serikali itatenga fedha za kuezeka na kumalizia kwenye bajeti ya mwaka unaofuata. Tujitokeze.

3.

Wakajitokeza, usipime. Mawe kichwani, mchanga kwa ndoo, maji kwa madumu. Nyamizi, binti pekee wa Kabula, alibeba mawe na mimba ya miezi saba. Wakimkataza anacheka, anawaambia anamwekea mwanawe nafasi.

Uchungu ulimshika kuta zikiwa kifuani. Zahanati ya karibu, kilomita ishirini na sita. Alifia juu ya pikipiki, kilomita ya kumi na moja.

Na mtoto.

Wiki iliyofuata boma likafika renta.

4. ZAMU ZA ULINZI (matofali yasiibwe)

Jumatatu: Mzee Shigela ~~ anaumwa mgongo
Jumanne: Ndaki ~~ kahamia mjini
Jumatano: Kabula
Alhamisi: Mwalimu Holo ~~ ana vikao
Ijumaa: Kabula
Jumamosi: atatajwa
Jumapili: Kabula

Halafu mtu mwenye kalamu nyingine kachora mstari toka juu mpaka chini, na pembeni kaandika jina moja.

Unalijua.

5.

Sasa niambie wewe: ukilinda siku saba kati ya saba, nyumbani unarudi kumfuata nani?

Kabula alihamisha jiko kwanza. Kisha godoro. Akafunga turubai kwenye kona ya chumba ambacho fundi alikiandika ukutani kwa mkaa: WAZAZI. Upepo wa kiangazi ukamsumbua, akatundika khanga. Kuku akaja kwa miguu yake mwenyewe, akachagua kona, akataga.

Anaongea na huyo kuku. Usicheke. Anamweleza bati litakuwa la rangi gani.

6. FOMU YA UKAGUZI WA MABOMA
(imejazwa Kabula akiwa kisimani)

Hatua: renta.
Kuta: nzuri.
Matumizi ya sasa: makazi ya familia. Pazia, turubai, jiko, kuku.
Wananchi waliokutwa eneo la mradi: 0
Maoni: Si boma la umma. Liondolewe kwenye bajeti.

Familia.

7. Kundi la WhatsApp: ISANGILO MAENDELEO

— Rasimu ya bajeti imebandikwa wilayani. Sisi hatumo
— Tutakuwemo vipi na zahanati ina mwenyewe
— wodi ya kuku hahahaa
— Mama Nyamizi kajimilikisha mchana kweupe
— Jamani si sisi ndo tulimwachia
— Ujumbe huu umefutwa

8.

Maduhu, mtendaji wa kijiji, alikuja kwa mguu, akakataa kigoda. Alisema amebembeleza wilayani mpaka ulimi umekauka. Injinia aliyejaza ile fomu atarudi Jumatano, mara moja tu, kabla madiwani hawajapitisha bajeti. Akikuta boma tupu, na wananchi wa kulisemea, jina la Isangilo linarudi kwenye bajeti.

"Na akinikuta mimi?"

"Akikuta unaishi hapa, Mama Nyamizi, basi tena. Mpaka mwakani, au mpaka Mungu akumbuke."

Kabula akauliza nani atalinda akishatoka. Maduhu akatazama viatu vyake, akasema wananchi.

Kabula akapita nyumba kwa nyumba, akipiga hodi. Mzee Shigela alisema atakuja. Mwalimu Holo alisema angekosaje. Nyumba arobaini na moja, na hakuna hata mmoja aliyesema hapana.

Ndicho kilichomtisha. Kwenye zamu pia hakuna aliyesema hapana.

9. VILIVYOTOLEWA

jiko
godoro
turubai
kuku (kabebwa kwapani, kapiga kelele njia nzima)
khanga

Khanga hakuikunja. Alijifunga.

Mwisho akafagia alama za miguu yake, akirudi kinyumenyume, chumba kwa chumba, mpaka akawa nje.

Nyumbani kwake mlango ulikuwa umevimba. Akasukuma kwa bega. Akasema hodi, mazoea tu.

10.

Jumatano, saa nne asubuhi. Gari.

Injinia ni kijana, fomu mkononi. Kabula kasimama pale mlango utakapokaa. Peke yake. Kule njiani vumbi linatimka. Inaweza kuwa watu, inaweza kuwa ng'ombe wa watu.

Injinia akachungulia ndani. Chumba cha kwanza tupu. Cha pili tupu. WAZAZI

kuku.

Kona ileile. Karudi mwenyewe, kaatamia, anatazama kama mwenye nyumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Hapa anaishi nani?"

Jibu ni maneno mawili. Hakuna mtu. Wiki nzima kayafanyia mazoezi mbele ya kuku huyohuyo. Rahisi kabisa. Tena ukilitazama boma, kisha ukamtazama yeye, hata uongo si mkubwa.

Vumbi limesogea. Ndani yake kuna kitu kinakohoa, kama mzee mwenye mgongo, au kama ng'ombe.

Kalamu ya injinia imeshagusa karatasi.

"Hapa," akasema Kabula, "hapa


Wananchi waliokutwa eneo la mradi: ______