Sakafu ya Mama Pacha

Tangu kiwanda cha saruji kifunguliwe, mji ule mdogo ulivimba kichwa. Vyumba viwili na sebule alimoishi Mama Pacha miaka tisa vilipanda kodi karibu mara mbili, na mwenye nyumba hakumumunya maneno: lipeni au mnipishe. Dalali ataleta watu kuangalia. Asipopatikana wa kuchukua hadi mwisho wa mwezi, mtabaki kwa kodi ya zamani.

Hilo la mwisho ndilo lililomrudishia Baba Pacha usingizi, maana vyumba vya bei yao vilibaki huko nyuma ya machimbo tu, na pacha wenyewe walikuwa darasa la kwanza. Asubuhi, kabla ya kwenda kwenye kibanda chake cha kushona viatu, akampa mkewe maagizo.

"Leo usifagie. Vyombo viache vilivyo. Wakija waambie maji ni ya shida na paa linavuja. Wala si uongo."

"Nimesikia, Baba Pacha."

Kusikia alisikia. Lakini mwanamke yule, jamani, usafi kwake ulikuwa maradhi. Akiwaza mgeni akanyage makombo kisha aende kusimulia, mwili ulimwasha. Akajiambia atafagia sebule tu. Kufagia kukazaa kupiga deki, deki ikazaa kufuta madirisha, na dalali alipobisha hodi saa nne, hata foronya zilikuwa zimebadilishwa.

Aliyeletwa alikuwa mhasibu wa kiwandani, binti mpole. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na hapo Mama Pacha akaishiwa nguvu. Utamchukiaje mtu wa namna hiyo?

"Maji hapa ni shida, mdogo wangu. Mara mbili kwa wiki."

"Kazini watanipa tangi, dada."

"Na paa linavuja. Kona ile pale."

Mhasibu akaitazama kona. Alama ya mvua ilikuwa imesuguliwa asubuhi ile ile, hata kivuli chake hakionekani.

"Dada, nimeona nyumba nane wiki hii," akasema akitabasamu. "Hii ndiyo ya kwanza niliyotamani kukaa chini."

Dalali hakungoja la pili, akachomoa mkataba. Mama Pacha alibaki amesimama na tambara la deki mkononi, akijiona mjinga kuliko wajinga wote. Alitaka kusema haiwezekani. Angesema kama nani, na nyumba si yake?

Mhasibu alisaini juu ya meza ya kulia chakula ya pacha, kisha akamgeukia kwa aibu kidogo.

"Samahani, dada. Mimi kazini natoka nimechoka, usafi huu siuwezi. Mkishahama, kama hamtakuwa mbali, ungeweza kuja kunifanyia? Nitakulipa."

Mama Pacha alikuwa na mengi ya kumjibu, na haki zote za kuyajibu.

"Siku gani?" akauliza.