Injini Isiyopata Joto

Wiki nzima ile pikapu ilikuwa inahangaisha watu. Ukiiwasha, sailensa, yaani mngurumo wa injini gari likiwa limesimama, inapanda, inashuka, inapanda tena, gari zima linatikisika, na moshi mweusi unatoka nyuma ukinuka petroli mbichi. Leodegar, fundi injini kutoka Bukoba, alikuwa amechoka kuisikiliza. Hata usingizini aliisikia, jamani.

Gari lilikuwa la mteja wao, Mzee Thani, la miaka thelathini na ushee. Injini yake ya kabureta ilitolewa, ikawekwa ya kisasa, ya nozeli na kompyuta. Leodegar ndiye aliyeifunga. Waya zote alizifunga Brayo, Mkenya, fundi umeme wa gereji. Na hapo gerejini, mtaa wa Ghala, Maskati, tajiri wao, Ayman, alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeipenda: gari likigoma, aliyelikosea haendi popote mpaka litoke. Iwe Ijumaa, iwe likizo, iwe nini.

Likizo ya Leodegar ilikuwa inaanza Alhamisi. Tiketi anayo. Jumapili binti yake, Evodia, anapata kipaimara. Komunyo ya kwanza ilimpita yuko huku huku Maskati, na safari hii aliapa haitampita. Kwa hiyo Jumatatu, Ayman alipouliza kosa ni la nani, alijibu upesi mno.

"Ni waya, bosi."

Brayo alimtazama. "Mimi nilifunga poa, fundi. Lakini kama unasema ni waya, sawa tu." Akazifungua zote, akazifunga upya. Sailensa ikacheza vilevile. Akazifungua tena. Hakulalamika hata mara moja, na hicho ndicho kilichomchosha Leodegar kuliko gari lenyewe.

Yeye naye hakukaa bure. Alisafisha mlango wa hewa, akabadilisha sensa ya pedali ya mafuta, akakaza waya wa ethi ulioshika bodi. Sensa ya joto, kile kipimo kinachoiarifu kompyuta, aliibadilisha mara mbili, maana kila akichomeka mashine ya kupimia inamwambia maji ya injini yana digrii hamsini na tano, na gari limewaka nusu saa!

"Uongo mtupu," alisema, akatafuta nyingine.

Jumatano baada ya chakula cha mchana Brayo alikwenda madukani Hamriya kununua waya mpya. Leodegar akabaki peke yake, injini inaunguruma, kaegemea kwa uchovu, mkono ukagusa mpira wa juu wa rejeta, unaopitisha maji ya moto ya injini. Ulikuwa vuguvugu. Mpira ambao ungepaswa kumbabua! Akaushika kwa viganja viwili. Vuguvugu, kama uji uliosahaulika mezani.

Ndipo akakumbuka thamostati. Kile kidude kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ishike moto, yeye mwenyewe alikitoa siku ya kwanza akakitupa kwenye vyuma chakavu, bila hata kufikiri, kama alivyokitoa kwenye kila injini aliyowahi kuifunga. Fundi gani wa nchi za joto hafanyi hivyo? Mwalimu wake alimfundisha, na mwalimu wa mwalimu wake vilevile. Kwenye kabureta haina neno. Lakini kompyuta ikiambiwa injini ni baridi, inamwaga mafuta ikingoja joto, na joto lenyewe haliji, hasa Januari hii yenye upepo. Sensa zote zilikuwa zimesema kweli. Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu yangu.

Akachana katoni, akaziba rejeta isipigwe na upepo. Hamsini na tano ikawa sabini, ikawa themanini na tano. Sailensa ikatulia tuli.

Akazima gari. Akaitoa ile katoni, akaificha nyuma ya matairi. Ndiyo, aliificha, mimi siwezi kumsitiri. Kesho saa nne atakuwa angani, na Brayo atafunga waya mara ya tatu.

Brayo akarudi, akalala chali chini ya dashibodi, tochi mdomoni, miguu nje, soksi zimetoboka visigino. Akaitoa tochi.

"Fundi Leo, ukifika home nisalimie huyo msichana. Mwambie tunamwombea."

Leodegar akakaa sakafuni.

"Toka huko, Brayo. Si waya. Ni mimi."

Ayman alipoambiwa hakufoka. Alipiga simu Hamriya, duka la kwanza, la pili, la tatu. Thamostati ya injini ile hakuna, mzigo unaingia Jumapili.

"Nitaiweka mimi, bosi," Brayo alisema. "Ni bolti mbili tu. Wacha aende."

"La. Jumatatu nlimuuliza, akanambia waya, na wewe ukalala chini ya gari siku tatu. Wallahi mie nna sheria moja tu."

Leodegar hakubisha. Alitoka nje akampigia binti yake, akaanza kueleza: injini, maji, kidude, mzigo wa Jumapili. Alieleza mno, kama mtu anayejitetea kwa polisi. Evodia alimwacha amalize.

"Usihangaike, baba. Parokiani walitaka jina la mzazi atakayenisindikiza. Nimemwandika mjomba Godfrey."

"Leo hii? Nani kakwambia siji?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilimwandika Novemba, siku ile fomu zilipotoka."