Kilio Kilichochelewa

Katika mji wa Kindu, huko Kongo, mtu akikosa mazishi hasamehewi kwa sababu alikuwa mbali. Anasamehewa akishalia. Hata akirudi baada ya mwaka mzima, hata kama majani yameshaota juu ya kaburi, siku anapokanyaga ua wa wafiwa hasalimii mtu, haombi kiti, haombi maji. Anapaza sauti tangu njiani, anaingia analia, na wanawake wa nyumba ile wanaacha mchele kwenye ungo na kulia naye. Kisha ananawishwa uso na kupewa chakula, na hapo ndipo watu wanapoanza kumwuliza habari za safari.

Yvette aliyajua yote hayo. Alikuwa na wiki tatu tangu ashuke kwenye ndege, na bado alikuwa hajavuka mto.

Kazi yake ilikuwa ukunga. Shirika moja la wageni lilikuwa likimtuma miezi sita huku, miezi tisa kule: Chad, Haiti, Bangladesh, tena Haiti. Kati ya safari moja ya kazi na nyingine alirudi Kindu, kwenye nyumba aliyojijengea mtaa wa Kasuku, akakaa na Sifa, mdogo wake, ambaye ndiye aliyekuwa akiitunza. Watu walidhani mapumziko ya namna hiyo ni raha tupu. Raha gani! Wiki ya kwanza alikuwa akilala mchana kutwa kama mgonjwa. Wiki ya pili alikwenda sokoni kununua vitu ambavyo Sifa alikuwa navyo tayari, wakagombana juu ya sufuria. Baada ya hapo alikaa barazani akilitazama sanduku lake, ambalo hakuwahi kulifungua lote. Majirani wakipita walimwamkia vizuri tu, "Karibu, mama. Unarudia kule siku gani?" Hakuna aliyemwuliza amefika lini.

Safari hii alikuwa na deni la machozi. Mama Philomène wa Alunguli, ng'ambo ya mto, alikuwa amekufa wakati Yvette akizalisha watu Haiti. Hawakuwa ndugu wa damu, lakini marehemu alimhesabu Yvette miongoni mwa watoto wake, na mji mzima ulijua. Adolphine, binti yake wa kuzaa, alikuwa bado amenyoa kichwa na kuvaa kitambaa cheusi, kwa sababu matanga hayawezi kuondolewa kabla watoto wote hawajalia. Mtu mwenye matanga haendi harusini, na harusi iliyokuwa ikingoja ilikuwa ya binti wa Adolphine mwenyewe. Wakwe walishaanza kununa.

"Yaya," alisema Sifa asubuhi moja, kwani ndivyo alivyomwita dada yake mkubwa, akiweka mikate na chai mezani, "Adolphine ametuma muntu tena. Anauliza kama uko mugonjwa."

"Umemwambia nini?"

"Nimesema umechoka. Lakini uchovu gani huo wa wiki tatu? Wanakungojea wewe tu. Kama unaogopa kitu, sema."

Yvette akamega mkate, akajitia hamnazo. Alikuwa anaogopa, tena sana. Aliogopa kwamba ataingia ua ule na macho makavu, na kila mtu atajua sababu.

Sababu yenyewe ilikuwa ya likizo iliyopita. Wakati ule watu walikuwa wakimjia tangu alfajiri, huyu na mtoto mwenye homa, yule na mimba inayomsumbua, mwingine na mguu wa mjomba wake. Alihudumia siku chache, kisha akachoka, akamwambia Sifa, "Yeyote atakayebisha, mwambie siko." Sifa akalishika neno hilo, akalisema vizuri kuliko alivyotumwa, kwa huruma na kwa adabu, hata waliofukuzwa waliondoka wakishukuru.

Siku moja baada ya chakula cha mchana, Yvette alikuwa amelala kwenye kochi, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, simu sikioni. Rafiki yake wa kazini alikuwa akimsimulia kituko cha daktari mmoja aliyefukuzwa na bata hospitalini, na Yvette akawa anacheka mpaka machozi. Lango likagongwa. Akamsikia Sifa akisema, "Yaya haiko, mama. Wamemuita hospitali." Kisha akasikia sauti ya pili, ya kizee, ya polepole. Aliitambua papo hapo. Sauti ile angeitambua hata usingizini.

Miguu yake haikutoka kwenye beseni. Hiyo ndiyo aibu, na hakuna namna ya kuipamba. Alijiambia kwamba akitoka sasa atamwumbua Sifa, na mama atajua alidanganywa. Alijiambia kwamba Jumapili atavuka mwenyewe, kama alivyozoea kila likizo, amletee na kitenge. Alikumbuka pia kwamba Mama Philomène akikaa hukaa mpaka jioni, na yeye alikuwa amechoka. Akashusha sauti, akaendelea na simu. Sifa alipoingia alikuwa amebeba chupa ya mawese na fungu la matembele lililofungwa kwa kamba ya mgomba.

"Ni Mama Philo njo alikuwa pale," alisema Sifa, bila kumtazama. "Amekaa kidogo juu ya jiwe, kisha ameenda."

Jumapili haikufika. Siku ya Ijumaa shirika lilimwita, Jumamosi akaruka. Habari ya kifo ilimfikia Haiti, asubuhi, glavu mkononi, na mwanamke mmoja alikuwa akisukuma mtoto. Alimaliza kazi, akanawa, akangoja machozi. Hayakuja. Ilikuja aibu tu, ikakaa.

Matembele yale yalimuuma kuliko kitu chochote, kwa sababu ndiyo waliyokula wakati wa vita. Mwaka ule wa 2002 Yvette alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, mtoto wa Kailo aliyekuja kusoma uuguzi mjini. Watu wenye silaha wakauzunguka mji, njia ya kwao ikakatika, na wanawake waliothubutu kwenda mashambani kutafuta mihogo wengine hawakurudi. Chakula kikaisha, chumvi ikawa kama dawa. Familia iliyompa kitanda Yvette ikakimbia bila yeye. Akavuka hadi Alunguli akidhani atapenya kwenda Kailo, risasi zikamrudisha, akajikuta anabisha hodi kwenye nyumba ambayo hakuijua, saa ambayo hakuna mwenye akili anayefungua mlango.

Mwanamke aliyefungua hakuuliza nani. Alisema tu, "Ingia upesi, mutoto. Jina lako utanipatia ndani."

Alikaa mle ndani hadi njia zilipofunguka. Alilala mkeka mmoja na Adolphine, wakala sahani moja ya matembele yaliyochemshwa bila chumvi wala mawese, na mara nyingi Mama Philomène alidai ameshakula jikoni. Wasichana wote wawili walijua ni uongo, na wote wawili walikula. Kila cheti alichopata Yvette baadaye, kila uwanja wa ndege aliopita, chanzo chake ni mlango ule.

Basi, siku ile ya mikate na chai, Sifa alisimama mbele yake mikono kiunoni. "Mimi njo nilisema haiko," alisema. "Mimi ni mwongo, ile najua. Lakini mimi nilienda kwenye kilio. Nimelia pale mpaka sauti imekauka. Wewe unangoja nini?"

Yvette aliuacha mkate mezani, akainuka. Akavaa kitenge cha zamani, akafunga kichwa, akashuka mtoni.

Kwenye mtumbwi alijipima kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Machozi hayakuwepo. Mpiga kasia alimtambua, akamwona alivyofunga kichwa, akaelewa, akaacha kumsemesha. Ng'ambo ya pili alipanda mlima wa bandari, akapita wauza makaa na mafundi baiskeli, na alipoikaribia nyumba akafungua mdomo bila kujua kitakachotoka.

Ilitoka sauti kubwa ajabu.

"Mama yangu eee! Mama Philo eee! Nimekuja, nani atanifungulia mulango? Umeniachia nani, mama eee!"

Ilikuwa sauti nzuri, tena ya juu, yenye kukatika panapotakiwa kukatika. Yvette aliisikia kana kwamba ni ya mtu mwingine. Alikuwa amekaa kwenye vilio vingi tangu utotoni, na mwili wake ulikumbuka kazi: mikono kichwani, hatua mbili, kuinama, kupiga magoti kwenye mchanga. Maneno ya mlango aliyachagua. Alijua yatawashika, na yaliwashika. Wanawake walimiminika kutoka jikoni, Adolphine mbele yao, wakamkumbatia, ua mzima ukalia, hata jirani mmoja akaruka ua kuja kusaidia. Machozi kidogo yakamtoka, ya vumbi na ya moshi, akayaacha yateremke yaonekane.

Ndani yake hamkuwa na kitu ila hofu, nayo ilikuwa ikitulia. Inapita, aliwaza. Hakuna anayejua.

Walimnawisha uso kwa maji ya beseni. Wakampa wali wa mchele wa kwao Maniema na samaki, akala, wakala naye. Mjomba wa marehemu, mzee Soudi, akasema neno fupi la kushukuru Mungu, kisha akafungua fundo la kitambaa cheusi mabegani mwa Adolphine na kukitia motoni. Basi, matanga yameondoka. Watu wakaanza kucheka tena, mtu akataja tarehe ya harusi, na bibi mmoja akamshika Yvette kidevu akamwambia, "Umelia muzuri, mutoto. Mimi nilifikiri Ulaya imekausha watu." Kwa bibi yule nchi zote za mbali zilikuwa Ulaya. Yvette alicheka pamoja nao. Alijisikia mwepesi.

Jioni Adolphine alimsindikiza mtoni. Kichwa chake kilichonyolewa kilikuwa kimeanza kuota nywele fupi zenye mvi, na alitembea akimshika Yvette mkono, kama zamani walipokuwa wakienda kuchota maji.

"Kuna neno nilikuwekea," alisema Adolphine. "Nilikuwa naogopa kulisema mbele ya watu. Unakumbuka siku mama alikuja kwako?"

Yvette alikaza mwendo. "Nakumbuka. Walimwambia siko."

"Ndiyo. Miguu yake ilikuwa imevimba, pumuzi inakatika. Mimi njo nilimulazimisha avuke, nikasema, nenda Yvette akuangalie. Akarudi jioni anafurahi. Nikauliza, umemuona? Akasema, 'Sikumuona, lakini nimemusikia. Iko ndani, anacheka. Adolphine, anacheka kama mutoto! Tangu vita sijamusikia kucheka vile.' Alikaa juu ya jiwe pale inje, anakusikiliza."

Yvette akasimama.

"Mimi nilikasirika," Adolphine aliendelea. "Nikasema kesho narudi naye mimi, nitapiga lile lango mpaka afungue. Mama akanikataza. Akasema, 'Umuache. Kule anakotoka anaangalia kufa kila siku. Umuache apumuzike, miguu yangu itangoja Jumapili.' Akaanza kungojea Jumapili." Alimminya mkono. "Nakuambia hivi ili ujue hakukukasirikia. Hata siku moja."

Hakukuwa na lawama katika sauti yake. Laiti ingekuwapo! Yvette alitafuta mahali pa kuweka macho, akayaweka kwenye viatu vyake, viatu vizuri vya kutembelea alivyovinunua uwanja wa ndege. Mkunga wa miaka yote hiyo. Miguu iliyovimba, pumzi inayokatika: hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua la kufanya. Jiwe lile lilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kochi.

Hapo ndipo kilio kilipokuja. Hakikuwa kile cha asubuhi. Hiki kilipanda kutoka tumboni bila maneno, kikamjaa kifuani, kikamfika kooni, na mdomo wake ukaanza kupinda wenyewe.

Adolphine aliona, akamziba mdomo kwa kiganja, haraka, kwa woga wa kweli. "Hapana, yaya! Umeshanawa. Umeshakula. Ukilia tena sasa unaita kifo ingine, na mutoto wangu anaolewa. Nakuomba. Umeza."

Yvette alijua kwamba ndivyo ilivyo. Kila mtu hupewa kilio kimoja, na chake alikuwa ameshakitumia mbele ya watu. Akameza. Akameza tena. Akamtabasamia Adolphine kwa shida, akamwambia ampe salamu bibi harusi, akashuka mtumbwini akiwa ameuma meno hata taya zikamuuma.

Mpiga kasia alikuwa yule yule wa asubuhi. Alisukuma mtumbwi, akauacha ukae sawa kwenye maji, kisha akageuka kwa heshima. Sasa kusemeshana kuliruhusiwa.

"Mama," alisema, "leo umelia muzuri sana. Hata sisi wa huku chini tumesikia. Marehemu alikuwa na mutoto."

Yvette aliutazama mji wa ng'ambo ya pili, ambako Sifa alikuwa akimngoja langoni.

"Asante," alisema.