Mstari wa Tatu wa Kiapo

Mkuu wa chuo cha uuguzi alirudi kutoka semina na vitu viwili: begi la kitambaa lenye nembo ya semina, na dawa ya kumaliza wizi wa mitihani. Begi lilidumu.

Wizi ulikuwa umezidi, tusidanganyane. Watoto wa watu walikuwa wanaandika majibu mapajani, ndani ya kofia, mpaka kwenye lebo za chupa za maji. Mmoja alikuja kafungwa bandeji mkono mzima, kaifunga mwenyewe, tena vizuri kuliko alivyowahi kumfunga mgonjwa yeyote, na chini ya bandeji kulikuwa na somo zima la mzunguko wa damu. Wasimamizi walikamata mpaka wakachoka. Sasa Mkuu akasema huko semina wameelezwa kwamba ukimwekea mtu mlinzi unamfundisha wizi, lakini ukimwamini ataona haya mwenyewe. Kwa hiyo wasimamizi watoke vyumbani wakanywe chai, na kila mwanafunzi asaini kiapo chini ya karatasi yake ya majibu. Kiapo kilikuwa na mistari mitatu, na kila mmoja una nafasi yake ya saini: Sikuibia. Sikumsaidia mtu kuibia. Sikuona mtu akiibia.

Waalimu walipiga makofi. Nani asiyependa chai?

Aliyepewa uenyekiti wa kamati ya kiapo ni mwalimu wa hesabu za dawa, mtu mwembamba, mwenye miwani, ambaye wanafunzi walimwita Bwana Nukta. Jina alilitafuta mwenyewe. Kila kipindi alipiga meza na kufoka: "Nukta! Nukta moja ikihama, umeua mtu, na huyo mtu ana mama yake!" Alikuwa mwalimu mzuri, haki ya Mungu. Ila hata mtu mzuri ukimwonyesha kiti, ataanza kukipangusa vumbi kabla hajapewa. Kiti chenyewe kilikuwa cha naibu mkuu, na Mkuu alishamnong'oneza: kiapo kikifanikiwa, kiti ni chako. Basi Bwana Nukta akaongeza kanuni ya nguvu ili watu waone kamati haitanii: asiyesaini mistari yote mitatu, mtihani wake umefutwa, na atarudia mwaka.

Sasa nyumbani kwake Bwana Nukta aliishi na mpwa wake, binti wa dada yake, naye alikuwa mwaka wa mwisho hapo hapo chuoni. Ulibaki mtihani mmoja tu, huo huo wa hesabu za dawa. Akifaulu, hospitali kuu ya mji ilishakubali kumwajiri. Dada mtu huko kwao alishawatangazia majirani wote kwamba ana muuguzi, na majirani walishaanza kumweleza miguu inavyowauma.

Siku ya mtihani ikafika. Bwana Nukta aligawa karatasi, akatoka, akafunga mlango, akaenda chumba cha waalimu. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi alikunywa chai ya mtihani ikiwa bado moto. Chumba cha mtihani kilikuwa kimya kabisa. Mkuu alipita kwenye korido, akatega sikio, akatabasamu. "Unasikia uadilifu huo?" akasema. Mzee wa watu hakujua kwamba hata wezi wa kuku hawapigi ngoma.

Jumamosi mchana Bwana Nukta alikaa mezani kwake kusahihisha. Akafika swali la saba, alilolipenda kuliko yote: mgonjwa ana maumivu makali, dawa ina nguvu kadhaa, je, utamchoma mililita ngapi? Jibu ni nusu mililita. Sifuri, nukta, tano. Karatasi ya kwanza ilisema tano. "Ah, nukta imekuponyoka, mwanangu," akasema, akaweka kosa. Ya pili, tano. Ya tatu, tano. Kufika ya kumi alikuwa amevua miwani na kuifuta. Darasa zima lilikuwa limepoteza nukta ile ile, mahali pale pale, na wote, kwa mwandiko wa kila aina, walikuwa wameandika neno "mililita" kwa L tatu. Na chini yake, saini tatu. Sikuibia, sikusaidia, sikuona. Saini nzuri, zenye mikia.

Karatasi moja tu ilikuwa na nusu. Chini yake mstari wa kwanza umesainiwa, wa pili umesainiwa, na kwenye wa tatu, mahali pa saini, pameandikwa neno moja: Niliona.

Bwana Nukta hakuhitaji kuangalia jina. Mwandiko ule aliuona kila siku kwenye karatasi ya vitu vya kununua dukani.

"Mama," akaita. Ndivyo alivyozoea kumwita. "Njoo hapa. Nini hiki?"

Mpwa alitoka jikoni, mikono ina povu la sabuni. "Ni jibu, mjomba. Uliuliza kama niliona. Niliona."

Akamweleza bila kupunguza wala kuongeza. Kulikuwa na kijana wa benchi la mbele, kichwa cha darasa, wenzake walimwita Profesa. Profesa alimaliza mapema, akaacha karatasi yake wazi mezani, akaenda kunywa maji. Alikunywa maji mengi sana siku hiyo. Karatasi nayo ikatembea benchi kwa benchi, ikarudi mezani kwake imechakaa kama noti ya sokoni, ndipo kiu ya Profesa ikakatika. Ilipofika benchi la nyuma, mpwa alikunja mikono, jirani yake akanyoosha mkono na kuichukua juu ya kichwa chake.

"Saini mstari wa tatu," Bwana Nukta akasema. Sauti ilikuwa ya chini, ya kubembeleza. "Kalamu hii hapa. Wino hauumi, mama."

"Nisaini kwamba sikuona?"

"Ni maneno tu!"

"Mjomba, wewe ndiye uliyetuambia nukta moja inaua mtu. Nukta ni kidoa. Leo mstari mzima unaniambia ni maneno tu?"

Mtu mzima akishindwa na mtoto hukasirika. Akamwambia ana kiburi, ana kichwa kigumu kama cha baba yake, na atamuua mama yake kwa presha. Binti akarudi jikoni kumalizia vyombo. Alivisugua kwa muda mrefu, na mjomba alisikia kwamba analia, akajifanya anasahihisha.

Jumatatu asubuhi alizibeba karatasi zote mpaka ofisini kwa Mkuu. Tumpe haki yake: alikwenda na nia ya kusema. Akazitandaza mezani, tano, tano, tano, akasema, "Mkuu, wameibia. Wote. Huyu mmoja ndiye msafi."

Mkuu aliziangalia karatasi, kisha akaangalia begi lake la semina lililoning'inia mlangoni. "Mwalimu, wageni wa vyuo sita wanakuja kujifunza kwetu. Unataka niwaonyeshe nini, tano hizi?"

"Lakini jibu ni nusu."

"Watu wote wakikubaliana, huo si wizi, hayo ni maelewano. Halafu nikuulize kwa wema: darasa zima likikosa swali moja, watu watasema nani hakufundisha?"

Hapo alimpata. Bwana Nukta alihisi kile kiti cha unaibu kikisogea nyuma taratibu.

"Njia waliyopita ni sahihi," akajikuta anasema. "Ni nukta tu iliyoteleza."

"Umeona! Wape alama zao. Funika kombe mwanaharamu apite." Mkuu akachukua karatasi ya yule mmoja, akaitenga kwa ncha ya kidole. "Na huyu ambaye hakusaini, kanuni inasemaje? Wewe ndiye uliyeiandika."

Basi Bwana Nukta, aliyekuwa akifoka miaka yote kwa ajili ya kidoa, alikaa na kalamu nyekundu akageuza kila kosa kuwa vema. Tano, vema. Tano, vema. Haikumchukua hata nusu saa, na hilo ndilo lililomshangaza.

Taarifa ya chuo ilisomwa mbele ya wageni. Muhula uliopita wezi waliokamatwa walikuwa darasa na nusu. Muhula huu, baada ya kiapo, amepatikana mmoja tu! Makofi. Mgeni mmoja aliuliza, ikiwa wasimamizi wako kwenye chai, huyo mmoja amekamatwa na nani. Mkuu akasema swali ni zuri sana na litajibiwa baada ya chakula. Baada ya chakula wageni walipewa mabegi ya kitambaa yenye nembo ya chuo.

Profesa alipata tuzo ya uadilifu, kikombe cha bati kinachong'aa, akaajiriwa hospitali kuu. Bwana Nukta alipata kiti. Mpwa alipata mwaka mwingine darasani, na nafasi yake hospitalini ikaenda kwa mwingine. Dada mtu alipiga simu.

"Kwa hiyo kaka, chuo kizima, mwizi ni mwanangu?"

"Si hivyo, dada, ni utaratibu..."

"Majirani nimewaambia ana malaria. Nikuulize, nitawaambia malaria ya mwaka mzima?"

Kiti cha unaibu kilikuwa laini, lakini hakikukaliwa muda mrefu. Haikupita miezi mingi, mawe kwenye figo yakamwangusha Bwana Nukta mbele ya ubao, akajikunja sakafuni akiita mama yake mzazi. Alipelekwa hospitali kuu, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Mpwa alikuja na chupa ya chai na kanga safi ya kumfunika, akakaa kwenye stuli pembeni. Hakumnunia. Bora angenuna.

Daktari akaagiza sindano ya maumivu. Akaja muuguzi na trei, koti jeupe lililopigwa pasi, tabasamu mpaka masikioni. Profesa!

"Mwalimu wangu! Leo nakuhudumia mwenyewe," akasema. "Heshima kubwa."

Bwana Nukta alijaribu kutabasamu, kisha macho yake yakaangukia kwenye trei. Bomba la sindano lilikuwa limejaa. Pembeni yake kulikuwa na vichupa vya dawa vilivyovunjwa shingo, vitano. Kichupa kimoja cha dawa ile kinatosha wagonjwa wawili. Na kwenye karatasi ya dawa, mahali pa muuguzi wa pili anayepaswa kuja kuhakiki, palikuwa tayari na saini. Nzuri, yenye mkia. Mwenye saini alikuwa upande wa pili wa wodi, anakunywa chai.

Alitaka kufoka. Maumivu yakamkata, ikatoka pumzi tu. Profesa akamfunga mpira mkononi, akaanza kupapasa mshipa.

Mpwa alisimama. Aliangalia trei, akaangalia bomba, akamwangalia mjomba wake usoni.

"Mjomba," akasema polepole, "kuna kitu nimekiona hapa. Niseme, au nisaini kwamba sikuona?"

"Sema!" Bwana Nukta alipata sauti, na wodi nzima iligeuka. "Sema, mama! Sema kwa nguvu!"

Akasema: bomba lina mililita tano, mara kumi ya dawa inayotakiwa. Profesa aliganda, sindano mkononi. Hakuwa mtu mbaya, na uso wake ulionyesha mshangao wa kweli kabisa.

"Lakini Mwalimu," akasema, "hesabu si ndiyo hii? Swali la saba. Niliandika tano, ukaniwekea vema. Kwa mkono wako."

Bwana Nukta akafumba macho.

Mpwa alilichukua lile bomba mkononi mwa Profesa, akaliweka kwenye trei, akamwambia akachukue jingine na kichupa kimoja, avute nusu, na mhakiki aje na macho yake. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mzee aliyekuwa na dripu, alikuwa ameyasikia yote. Akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Mwanangu," akamwambia binti, "na mimi sindano yangu ni saa hii hii. Nichome wewe."

"Siruhusiwi, babu," mpwa akajibu, akimimina chai. "Chuo kizima kina mwizi mmoja, na mwizi mwenyewe ndiye mimi."