Mzee Ngurumo Aingia Mahali pa Kimya

Haya, tega sikio nikutegee: nyumba yangu ina milango miwili, haina komeo wala kitasa. Mwenyewe akilala haifungi, na wageni wanaoingia hakuna anayewaona. Umekwama? Leo sidai mji, jibu nakupa bure: masikio. Na ni masikio ya Mzee Ngurumo yaliyomfanya mkewe aingie msituni Jumapili moja, roho juu.

Ngurumo ni jina alilopewa na wateja. Yeye na mkewe walikuwa na mashine ya kusaga nafaka nyuma ya stendi ya mabasi. Mashine ile ikiunguruma, maneno hayana kazi, kwa hiyo tangu ujana wao waliongea kwa mikono. Kidole kikizungushwa, ongeza nafaka. Kiganja kikishushwa, zima. Ngumi kifuani, gunia halijajaa, subiri. Hata nyumbani chumvi iliombwa kwa vidole. Ndiyo maana mkewe alichelewa kugundua kwamba mzee hasikii. Angegunduaje, na hawaongei?

Daktari aliwaambia wazi: akiendelea kukaa na ile mashine, hata usikivu kidogo uliobaki utakwenda.

"Sasa baba watoto, utaiacha?" mkewe akamwuliza walipotoka.

Mzee akaweka ngumi kifuani. Kesho yake akaulizwa tena. Ngumi. Wiki iliyofuata, ngumi.

"Daktari mwenyewe ananong'ona kama mwizi aliyeingia jikoni," mzee akalalamika. "Na mji huu umejaa kelele. Nipeleke mahali pa kimya, uone kama sisikii!"

Basi mkewe akampeleka. Msitu ule ulikuwa katikati ya mji, umezungushiwa uzio wa chuma. Walikuwa wakipita getini pake kila siku waendapo kazini, na hawakuwahi kuingia. Ndani, njia ya udongo ilipenya kati ya miti mirefu. Walipokata kona ya kwanza tu, honi za barabarani zikafifia, mkewe akaanza kusikia majani makavu chini ya viatu vyake.

"KUNA BARIDI HUKU!" mzee akasema.

Wachumba wawili waliokuwa kwenye benchi wakaruka. Mlinzi akawafuata.

"Shikamoo mzee wangu. Punguza sauti kidogo, watu wanapumzika."

"ANASEMAJE?"

"Anakusalimia," mkewe akajibu, akamshushia kiganja kumtuliza.

Mzee akasimama tuli, akageuka kulia na kushoto. "NIZIME NINI?"

Wale wachumba wakacheka hadi wakaegemeana. Mkewe akamshika mkono, wakasogea ndani zaidi, mpaka kwenye tawi alipokaa ndege mdogo wa kifua cha njano. Alikuwa akiimba mpaka mkia unatetemeka.

"Unamsikia?" mkewe akauliza, akimgeukia ili aone midomo yake.

"Vizuri tu."

"Analiaje?"

"Kama ndege."

"Ndege gani asiyelia kama ndege? Hebu mwige."

Mzee akakohoa, akajaribu, "Kruu, kruu," kama njiwa aliyeshiba. Sauti ya ndege yule ilikuwa nyembamba kama uzi. Mkewe alianza kutabasamu, kisha tabasamu likamfutika.

Mzee akamwona uso. Akamtazama tena ndege: mdomo unafunguka, unafumba, unafunguka. Akamtazama kwa muda mrefu, kisha akakaa kwenye gogo.

"Na wewe ukiniita nyumbani," akauliza, safari hii kwa sauti ndogo, "huwa naona nini? Mdomo tu, kama huyu?"

"Hata mdomo huuoni. Nakuita ukiwa umenipa mgongo."

Mzee akaokota jani, akalikunja. "Kwenye mashine wote hatusikii, mama watoto. Pale mimi ni mtu kama watu."

"Najua. Lakini mimi nimechoka kuongea na wewe kama mteja. Nina maneno mengi hayana vidole vyake." Akakaa kando yake, akamshika kidevu wakatazamana. "Nakuuliza mara ya mwisho, na unijibu kwa mdomo. Mashine utaiacha?"

Mzee akalitupa lile jani.

"Nitaiacha. Mdogo wangu aichukue mwezi ujao," akasema. "Ila kwanza anunue vya kuziba masikio."